Bi Nono na Herufi Zake Zilizopakatana

Ndugu, jamaa na majirani, na nyinyi wateja ambao majina ya maduka yenu yalipita mkononi mwake: huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano wa mlinzi wa kivuko cha reli na mkewe, mshonaji wa nguo. Alizaliwa mwembamba na akabaki mwembamba. Hilo lisemwe mapema, kwa sababu wengi waliomjua kwa jina tu la Bi Nono walifika karakana kwake wakitazamia mama mnene, wakamkuta huyu kama ufito juu ya ngazi, na wakamuuliza yeye mwenyewe Bi Nono yuko wapi. Naye aliwajibu bila kucheka, “Katoka kidogo. Mna ujumbe?” Unono ulikuwa wa herufi zake.

Alianza shule Januari 1959, katika shule ya msingi iliyokuwa upande wa pili wa reli, na akasoma hapo hadi darasa la nane. Hesabu aliziweza, ila mwandiko ulimtia matatani. Wenzake waliandika herufi nyembamba zilizolala upande mmoja, kama walivyofundishwa. Zake zilikuwa fupi, nene, zimejazwa matumbo kwa penseli mpaka karatasi inatoboka. Mwalimu wa mwandiko alimwandikia kwenye ripoti ya mwaka 1963: “Herufi zake zinakula sana.” Mama yetu alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitambaa alichokuwa anakishona. Baba hakucheka. Alipomaliza shule, Novemba 1966, baba alikuwa ameumia mguu kazini na nyumba ilihitaji mikono, hivyo masomo ya marehemu yakaishia hapo.

Mikono yake ilipata kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa akipaka namba kwenye mabehewa. Huyo alimfundisha kuosha brashi, kuipunguza kwa wembe, na kushika ngazi kwa magoti ili mikono miwili ibaki huru. Kibao chake cha kwanza bila msimamizi kilikuwa cha kinyozi, tarehe 2 Mei 1968, maneno mawili tu: KINYOZI BORA. Aliyeshikilia ngazi siku hiyo ni mdogo wake anayemfuata, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, na ambaye alipaswa kumwambia mapema kwamba nafasi inaisha. Hakumwambia, maana alikuwa anatazama watu wakipita. Marehemu alianza na K kubwa kama mlango, ikafuata I, N na Y za saizi hiyohiyo, na aliposhuka kuangalia, O, Z na I zilikuwa zimebakiwa na upana wa kiganja kimoja, maana BORA lilikuwa na mstari wake chini.

Rangi ilikuwa ya mafuta, ubao ulikuwa mmoja, na kinyozi alikuwa amekwenda kula. Basi akaipakata O kwenye mapaja ya Y, akaipandisha Z begani kwa O, na ile I ya mwisho akaibana ukutani kama mgeni aliyechelewa harusini. Kinyozi aliporudi alitazama kwa muda mrefu.

“Binti,” akasema, “nilikuagiza jina au nilikuagiza msongamano?”

Aliahidiwa kwamba kitapakwa upya Jumatatu. Lakini kuanzia mchana huo watu walikuwa wakisimama mbele ya kile kibao, wakicheka, na baadhi yao, kwa kuwa wameshasimama, wakaingia kunyolewa. Jumatatu marehemu alipofika na kopo lake, kinyozi alimzuia mlangoni. Kabla ya mwezi kwisha mwenye duka la mkabala alitaka na yeye “za kupakatana”.

Toka hapo marehemu hakupima tena ubao. Mtu akimletea rula, alimwambia aende nayo kwa seremala. “Ukipima, zinakaa kama watu wasiojuana,” alikuwa akisema. “Ziache zibanane, zitajuana.” Alikuwa na sharti jingine alilolishika kuliko yote: katika kibao kimoja hapakuwa na herufi mbili zilizofanana. Jina likiwa na A tatu, moja itafungua miguu, nyingine itavimba kifua, ya tatu itaegemea jirani. Ilimchukua muda mrefu kuliko mafundi wengine, na mteja mwenye haraka aliambiwa wazi kwamba ana haraka na amekosea mlango.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mikate, hatua sita kwa nne. Brashi zilisimama vichwa juu ndani ya makopo ya maziwa, na mlango, kwa ndani, ulikuwa mahali pa kujaribia rangi, mpaka ukavaa rangi yenye unene wa kidole. Humo alifanya kazi kwa miaka arobaini na mitano. Alipaka vibao vya maduka ya dawa, vya mafundi baiskeli, vya shule, vya kinu cha kusaga, vya madaktari wawili wa meno. Mchonga majeneza alipokuja, aliomba herufi za heshima, nyembamba, kwa sababu, alisema, wateja wake huja wanalia. Marehemu alimjibu kwamba nyembamba haziwezi. “Halafu wakipata tabasamu dogo mlangoni,” akauliza, “watakuwa wamepungukiwa nini?” Mchonga majeneza alifikiri siku mbili, akakubali. Jeneza lililo mbele yetu limetoka kwa mchonga majeneza huyo.

Tarehe 12 Juni 1976 aliolewa na fundi viatu wa mtaa wa nyuma ya soko. Huyu alikuwa ameagiza kibao chenye neno moja, VIATU, na katika miezi miwili alirudi mara tatu kulalamika kwamba jua limekula rangi. Mdogo wake marehemu, ambaye hakuzaliwa mjinga, alipita pale adhuhuri moja akamkuta fundi viatu juu ya kiti, anakisugua kibao chake mwenyewe kwa msasa. Habari ikafika nyumbani. Kesho yake marehemu alikwenda na kopo jipya, akapaka, akashuka, akamwambia, “Hii haitoki hata kwa msasa. Ukinihitaji tena itabidi useme.” Fundi viatu akasema. Walijaliwa watoto wawili: binti, mwaka 1978, ambaye leo ni nesi, na kitinda mimba wa kiume, mwaka 1985. Waliishi kwa masikizano hadi mumewe alipofariki, tarehe 30 Oktoba 2004.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo familia ilikaa ikajadiliana kama lisomwe au lisisomwe. Binti mkubwa alisema lisomwe. Kitinda mimba alisema, “Mjomba, usipolisoma utakuwa umesoma habari za mtu mwingine.” Basi litasomwa.

Kitinda mimba alisomea usanifu wa machapisho na akaajiriwa kwenye kiwanda cha uchapaji. Wakati huo mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yalikuwa yameanza kufunika mji, na vibao vya mama yake vilikuwa vinang’olewa kimoja baada ya kingine, vingine vikigeuzwa milango ya mabanda ya kuku. Kijana aliumia. Januari 2012 alimwendea mjomba wake na kamera, akamwambia kwamba anataka kupiga picha kila herufi ya mama yake iliyobaki, na kutokana nazo atengeneze seti ya herufi za kompyuta, ile ambayo watu wa fani yake huiita fonti, ili mtu yeyote aweze kuandika kwa mkono wa mama. Ingekuwa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa ya mwaka uliofuata. Aliomba iwe siri. Mjomba aliona ni wazo zuri sana, akampa orodha ya vibao mia mbili na kumi na vinne, mtaa kwa mtaa, nyuma ya kalenda, pamoja na kile cha kinu ambacho yeye na dada yake tu ndio waliojua kilipotupwa. Siri ilikuwa ya watu wawili, na lawama pia igawanywe kwa wawili.

Kijana alizunguka mwaka mzima, akapata herufi zote isipokuwa Q. Kwa miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumwagiza marehemu neno lenye Q. Angeweza kumwomba mama yake aiandike. Ingechukua dakika mbili. Lakini mama angeuliza ya nini, na zawadi ingejulikana. Basi akachukua O mojawapo, akaitia mkia. Isitoshe, kompyuta yake siku hizo ilijua A moja tu. Ukiigonga mara kumi, inakupa ileile mara kumi.

Zawadi haikuwahi kutolewa. Mwenzake kazini aliiona, akaipenda, akaitumia bila kumuuliza. Tarehe 22 Februari 2013 marehemu na mdogo wake walikuwa wanapita kituo cha mabasi, mdogo mtu kabeba kopo la rangi, wakakuta bango la sabuni lenye urefu wa nyumba. Sabuni yenyewe ilikuwa na jina la kigeni linaloanza na Q. Marehemu alisimama. Mdogo wake naye akasimama, na tangu siku hiyo hajawahi kuona kopo zito kiasi kile.

“Hizi ni zangu,” marehemu akasema. Akaanza kuzinyooshea kidole. “Hii S ni ya duka la dawa. Hii R ni ya kinu. Lakini hizi A mbona zote zina sura moja? Na huyu wa mwanzo ni mtoto wa nani?”

Jioni ile alimwita mwanawe sebuleni.

“Nani kakuruhusu?”

“Mama, nilitaka mkono wako usipotee.”

“Mkono wangu huu hapa. Umepotea lini?”

“Vibao vinang’olewa kila wiki, Mama. Siku moja hakitabaki hata kimoja.”

“Kwa hiyo umeamua kunizika kabla sijafa. Na hii ni nini?”

“Hiyo ni Q.”

“Hiyo ni O yangu. Umeifunga mkia kama punda.” Kisha akasema kile ambacho wote waliokuwepo wanakikumbuka. “Mgeni hupiga hodi. Wewe umeingia mkononi mwangu bila hodi.”

Kijana aliomba radhi usiku huohuo, na kesho yake akaiondoa ile fonti kwenye mashine zote za kiwandani. Bango la sabuni lilishushwa. Haikutosha. Marehemu alimsusa mwanawe kwa miaka minne, na yeyote anayeona kwamba huo ni muda mrefu kwa ajili ya herufi hakuwahi kuwa na kitu ambacho ni chake peke yake. Kijana alikuja kila Jumapili, akakaa barazani. Mama yake akachukua funguo za karakana, akaondoka. Mwaka 2014 kijana alipata mtoto. Marehemu alimpokea mjukuu, akampakata, akamwimbia, kisha akamrudisha mikononi mwa mama yake, na baba wa mtoto, aliyesimama hapohapo, hakuangaliwa. Mjomba alijaribu kupatanisha na alishindwa kila mara. Kila akifungua mdomo alikumbuka ile kalenda, akaufunga.

Jumatatu, tarehe 19 Septemba 2016, marehemu alikuwa karakana akipaka neno lenye herufi sita. Brashi ilimdondoka kwenye ya nne. Mwoka mikate wa jirani alimkuta ameketi sakafuni, anaitazama brashi. Kilikuwa kiharusi. Kiliuchukua mkono wa kulia na sehemu ya ulimi. Mwanawe alifika hospitali kabla ya watu wengine wote. Mama yake akageuza uso ukutani. Ni hapo, siku ya tatu, mdogo wake alipoona kwamba hakuna tena muda wa kuficha, akamwambia yote: orodha, kalenda, siri. Marehemu alimtazama. Maneno yalimtoka kwa shida, moja moja.

“Nilijua,” akasema. “Kibao cha kinu... nani mwingine... anakijua?”

Januari 2017 mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa penseli ashike kwa mkono wa kushoto. Aliisukuma. Akapewa tena, akaisukuma tena, akasema, “Brashi.” Binti yake alimletea brashi namba nane na wino mweusi, na akamtandikia kalenda za zamani upande mweupe. Akaanza. Ilikuwa duara baada ya duara, yanatetemeka, mengine hayafungi. Binti alidhani ni mazoezi. Mdogo wake alidhani akili imeteleza, na aliondoka pale siku hiyo akilia njia nzima. Ilikuwa wiki ya nne ndipo alipoona kwamba kila duara linaanzia chini, kwenye mguu, linapanda, linazunguka na kurudi kuukalia mguu wake, kama paka aliyekalia mkia. Zilikuwa Q. Haikuwa O iliyotiwa kitu. Ilikuwa Q tangu mwanzo wake, na ilikuwa nono.

Alipaka sitini na moja. Mwezi Machi akamwambia binti yake, “Mwite.” Kijana akaja, akasimama mlangoni, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi. Marehemu alimsogezea karatasi nne.

“Nichague ipi, Mama?”

“Zote. Moja... itakuwa... mpweke.”

Huo haukuwa msamaha bado. Ilikuwa kazi, na kwa marehemu kazi ilitangulia. Kila Jumapili alasiri kwa miaka miwili kijana alileta karatasi zilizochapwa, na mama yake kwa mkono wa kushoto akakata kwa kalamu nyekundu. Hii imekaa kama askari. Hii tumbo limekonda. Kijana akajifunza kuipa kila herufi sura kadhaa, na kuifundisha kompyuta izibadilishe yenyewe, isirudie. Wakaongea habari za matumbo na miguu ya herufi saa nzima, kisha kijana akaaga, na mama akaitikia kwa kichwa. Lile jingine hawakuligusa. Mara moja kijana alianza, “Mama, kuhusu ile siku...” Mama yake akamwonyesha B iliyokosewa.

Jumapili, tarehe 23 Juni 2019, alikuja na kompyuta yenyewe, akaiweka juu ya meza ya kulia chakula. Kazi ilikuwa imekwisha. Mdogo wake marehemu alikuwepo, na chai yake. Marehemu alisema anataka kuijaribu. Maneno marefu yalikuwa yanamshinda siku hizo, lakini majina ya herufi yalimtoka vizuri, kwa hiyo akamsomea mwanawe herufi moja moja, naye akagonga.

“M. A. M. A.”

Kijana aliinamia kioo, anazikagua zile A mbili. Hazikufanana. Akafurahi.

“Acha nafasi. H. A. N. A.”

“Nne, Mama, na bado hazirudii.”

“Endelea. H. A. S. I. R. A.”

Mjomba, aliyekuwa nyuma ya kiti, ndiye aliyesoma kwanza, akaweka kikombe cha chai mezani. Kijana bado alikuwa anahesabu A. Mama yake alimtajia herufi nne za mwisho, T, E, N, A, na mara hii hakumwangalia mtu, alikuwa anaangalia mkono wake wa kulia uliolala mezani.

“Saba,” kijana akasema. “A saba, Mama, na kila moja ina sura yake.”

“Sasa soma,” akamwambia.

Akasoma. MAMA HANA HASIRA TENA. Alisoma mara moja kwa sauti, na hakuweza mara ya pili. Akaenda akapiga magoti pale kwenye kiti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, mwanamume wa miaka thelathini na minne, na mama yake akampakata kwa ule mkono mmoja. Mjomba alichukua kikombe chake akaenda nacho jikoni, akakiosha kwa muda mrefu kuliko kilivyochafuka.

Siku tisa baadaye, Jumanne tarehe 2 Julai 2019, saa tatu asubuhi, kiharusi cha pili kilimjia akiwa kitandani mwake. Hakuteseka. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi mitatu na siku kumi na nane. Binti yake alikuwa amemshika mkono wa kulia na mwanawe amemshika wa kushoto. Familia inawashukuru manesi na madaktari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyevumilia kusukumiwa penseli, na mwoka mikate, jirani wa miaka yote.

Marehemu ameacha mdogo wake wa kiume na mdogo wake wa kike, binti mmoja, mwana mmoja, mkwe wa kiume na mkwe wa kike, na wajukuu watatu. Ameacha vibao thelathini na tisa ambavyo bado vinaning’inia. Jina lake kwenye jalada la karatasi mlizoshika limechapwa kwa herufi zake. Mwanawe alilipanga juzi, akalikagua A kwa A, na hakulala mpaka aliporidhika. Yeye ndiye aliyekuwa asome haya. Alipojaribu nyumbani alifika kwenye yale maneno manne akashindwa, ndiyo maana mmemsikia mjomba wake.

Mwanangu, hapo ulipokaa, sikia ya mwisho kisha tumpeleke. Dada yangu hakuwahi kuandika neno asilokubaliana nalo. Amelala na amani yake, na ile aliyokuachia ni yako.